Wanaouza supu ya pweza wanatia nini? Wangu nikichemsha anakuwa kandambili

#1 Jirani wa Tandika
Wakuu salaam.

Jioni nikishuka kwenye daladala kuna jamaa ana meza yake pale kituoni: taa ya betri, jiko la mkaa chini, sufuria juu, kikopo cha pilipili na vijiti vya kuchomea. Kipande chake cha pweza hata kibogoyo anakimaliza. Jumapili nikasema leo najipikia mwenyewe huku nasubiri mechi. Nikawahi soko la samaki la Feri asubuhi, nikachukua pweza wa kilo na ushee, mbichi kabisa, bado anang'aa. Nikamsafisha, maji yalipochemka haswa nikamtumbukiza na chumvi, ndimu na tangawizi. Nusu saa namchoma uma, haupiti. Nikaongeza moto, ndio kwanza akakaza. Mwisho kimebaki kidude kimoja katikati ya sufuria na mama watoto anauliza nimechemsha kandambili ya nani.

Mimi nimeshaamini hawa wauzaji wanatia kitu. Mtaani kuna wanaosema magadi, kuna wanaosema vidonge vya maumivu. Wenye kujua semeni, msibane.

#2 Mla Bila Kulipa
Nimewahi siti ya mbele. Pilipili ninayo, nasubiri pweza.

#3 Bint Mkunazini
Huyo hajapigwa kaka yangu, basi. Kwetu Unguja pweza akishatolewa kwenye pango lake mwambani, hapo hapo anatwangwa kwenye jiwe mpaka atoe povu. Wewe uliyemkuta sokoni usiulize kapigwa au hajapigwa, chukua mchi wa kinu, mlaze kwenye ubao, umpige mnyiri mmoja mmoja, na pale minyiri inapoungana na kichwa ndio usiparuke maana ugumu wote uko hapo. Ukimnyanyua na minyiri haijikunji tena, mpeleke jikoni.

Na hiyo ndimu na chumvi mwanzoni vya nini? Hivyo ni vya mwisho. Eti vidonge! Mungu apishe mbali.

#4 Kuli wa Feri
Da Bint yuko sahihi nusu. Hapa Feri ninapobebea mizigo, pweza wengi wanafika hawajapigwa, wanafika kwenye ndoo za barafu. Na watu wa meza za supu hawagombei yule anayeng'aa. Wanasubiri mnada upoe, wanachukua waliolala kwenye barafu kwa sababu bei imeshuka. Sasa wewe Jirani umetoa hela ya juu kwa aliyetoka baharini alfajiri ukitegemea ndio atakuwa laini. Kwa samaki kama changu sawa. Kwa pweza ubichi uliopitiliza unakugeuka.

#5 Kemia Kidogo
Nichangie kidogo bila kufungua darasa.

Changu anaiva haraka na kuvunjikavunjika kwa sababu nyama yake ina kolajeni chache, ile protini ngumu inayofunga misuli. Pweza hana mfupa hata mmoja. Kinachomfanya asimame ni misuli iliyosukwa pande zote, ikafungwa kwa kolajeni nyingi. Kolajeni ikifika joto la nyuzi 60 hivi inajikunyata na kukamua maji, ndio hapo ulipomwona anasinyaa na kukaza, na ni kawaida apoteze karibu nusu ya uzito. Lakini ukimwacha kwenye moto, ile ile iliyokaza inaanza kuyeyuka na kuwa jelatini. Huo ndio ulaini wenyewe, na ndio maana supu ya pweza ikipoa sana inashikana kidogo.

Kwa hiyo ulimwepua katikati ya safari. Nusu saa ni wakati mbaya kuliko yote. Wa kilo moja mpe saa moja mpaka moja na nusu, atokote taratibu. Kuongeza moto hakusaidii kitu, maji yakishachemka hayapandi zaidi, unamaliza mkaa tu.

#6 Bint Mkunazini
Kwa hiyo bibi zetu walikuwa wanajichosha mikono bure?

#7 Kemia Kidogo
Hapana dada. Kupiga kunavunja nyuzi kabla hajafika jikoni, kunapunguza muda. Ninachosema ni kwamba hata aliyepigwa ukimwepua kabla ya wakati atakusumbua meno.

#8 Bint Mkunazini
Wangu saa nzima haifiki, na analiwa na mtoto wa miaka mitatu. Endelea na kemia yako.

#9 Yakhe Makadara
Hamjambo nyote. Mimi ni wa Mombasa na naona shida yenu ni hayo maji. Nani aliyewaambia pweza hutiwa maji? Pweza ana maji yake. Sisi humtia sufuria kavu, mfuniko juu, moto mdogo. Yuwatoa maji mwenyewe, mekundu, mengi utashangaa, na hujipika nayo mpaka yakaribie kukauka. Hapo ndipo umkate vipande. Kaanga kitunguu, thomu, nyanya, bizari kidogo, tia pweza, tia ukwaju, kisha tui jepesi lichemke naye. Tui zito mwisho kabisa, na ukilitia usiache kukoroga wala usifunike, likatikalo halirudi. Huyo ni wa wali mweupe na chapati pia haimkatai.

Ukimtumbukiza kwenye maji mengi utamu wote wenda majini, na ukiyamwaga hayo maji, umemmwaga pweza.

#10 Mla Bila Kulipa
#9 umefanya nifunge ofisi kabla ya muda. Namba ya nyumba tafadhali.

#11 Meza ya Kona
Nimeletewa link ya huu uzi na mteja wangu nikacheka peke yangu. Mimi nauza supu ya pweza, sio kituo chako Jirani lakini kazi ni ile ile.

Hatutii dawa. Tulichonacho sisi ambacho wewe huna ni muda. Pweza namweka motoni mchana nyumbani, jioni anahamia mezani na sufuria lake, na jiko haliondoki chini yake mpaka nafunga. Ukija saa tatu usiku kipande unachokula kimeshinda motoni. Wateja wa kwanza, wale wa saa kumi na moja, kila siku wananiambia leo mgumu. Wa mwisho wananisifu. Pweza ni yule yule.

La pili, kisu. Nakata mshazari, vyembamba, kipande cha mia tano hakizidi kidole. Nyie nyumbani mnakata donge halafu mnalaumu bahari.

Magadi nimeona watu wanatia, siwezi kukataa. Analainika haraka kweli, ila ngozi inavurugika inakuwa utelezi na supu inaanza kunukia sabuni. Mteja wa pweza ana ulimi, harudi.

#12 Mfamasia wa Zamu
Kwa yule aliyeuliza vidonge. Parasetamoli hailainishi nyama, hakuna kitu ndani yake cha kuvunja kolajeni. Uvumi huu upo kwenye pweza, upo kwenye maharage, upo kwenye makongoro. Hatari yake ni nyingine kabisa: ikizidi kipimo inaharibu ini. Kama yupo anayetia kwa kuamini inasaidia, anapoteza hela yake na ini la mteja kwa pamoja.

#13 Jirani wa Tandika
Nimewaelewa, vidonge naviondoa kwenye mashtaka. Ila sasa nimechanganyikiwa zaidi. Mmoja anasema apigwe, mwingine asitiwe maji, mwingine saa moja na nusu, Kuli anasema alale kwenye barafu. Nianze na lipi? Na jirani zangu ukuta ni mmoja, nikianza kutwanga na mchi usiku watajua nampiga mtu.

#14 Mpemba wa Muskat
Ndo hapo friza inapoingia, ami yangu. Mie kwetu Wete, sasa naishi Muskat, Oman. Hapa soko la Matrah utapata ngisi, utapata dome hadi uchoke, pweza namtafuta kwa tochi na nikimpata kagandishwa. Ghorofani sina jiwe sina kinu. Namtia friza usiku mmoja au miwili, halafu namhamishia sehemu ya chini ya friji ayeyuke polepole. Akienda motoni anaiva sawasawa na aliyepigwa. Bi mkubwa wangu aliyeko Pemba nikimwambia hili hukata simu.

#15 Kemia Kidogo
Na ina sababu. Maji yaliyomo ndani ya nyama yakiganda yanakuwa chembe za barafu zenye ncha, zinatoboa na kuchana nyuzi kutokea ndani. Friza ya nyumbani inagandisha polepole, chembe zinakuwa kubwa, zinachana zaidi. Kile ambacho kwa nyama ya ng'ombe ni hasara, kwa pweza ni faida.

#16 Kuli wa Feri
Si nilisema #4! Mtu wa ndoo ya barafu alijua kabla ya kemia.

#17 Kemia Kidogo
Kuli, barafu ya ndoo inampoza, haimgandishi. Hizo chembe hazitokei humo. Anayelala kwenye barafu analainika kwa sababu nyingine, nyama yoyote ikikaa baada ya kufa vimeng'enya vyake vyenyewe vinaanza kuilegeza.

#18 Kuli wa Feri
Sababu yako, pweza wangu. Tumefika pale pale.

#19 Bint Mkunazini
Pweza wa friza analainika, sikatai, lakini amelegea. Vitu viwili tofauti hivyo. Aliyepigwa unamng'ata, anakuitika kidogo halafu anakuachia. Wa friza anakuachia kabla hujamwambia kitu.

#20 Mama Wawili
Mbona hakuna aliyetaja papai? Kwetu Tanga nyama ngumu yoyote inapakwa papai bichi la kusaga au inafungwa kwenye majani ya mpapai, na pweza vile vile. Dakika ishirini hivi, osha, chemsha. Msiache akalala nalo usiku kucha, mtakuta uji.

#21 Mfamasia wa Zamu
Sawa kabisa, utomvu wa papai bichi una papaini inayokata protini. Ila inafanya kazi kabla hajachemka. Ukitupia jani kwenye maji yanayotokota kama nilivyoona watu wanafanya, moto unaiua kabla haijafanya lolote la maana.

#22 Mama Wawili
Mama mkwe wangu anatupia jani kwenye sufuria na wake ni laini. Nenda kamwambie wewe.

#23 Mzee wa Bamvua
Vijana mnajadili sufuria, ngojeni niwarudishe baharini.

Pweza hawafanani. Wakati wa bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanatoka mbali, mwamba unabaki nje, na kina mama wanatembea kwa miguu na chuma chao mkononi wakichungulia pango moja moja. Wanaopatikana hapo wengi ni wadogo na wa kati, nyama haijakomaa. Maji mafu yakiingia hakuna cha kutembea, wanaofanya kazi ni wapiga mbizi na miwani, na wao wanatoa kwenye kina wale wakubwa, wa kilo mbili tatu, ngozi nene. Sasa wewe Jirani hukuuliza huyo wako katoka wapi, ukaja kulaumu ndimu.

Tena yupo jike aliyekwisha kutaga. Huyo anakaa na mayai yake pangoni hali chochote mpaka yaanguliwe, kisha anakufa. Ukimtoa siku hizo nyama imeshachoka, ukichemsha huna ulichokipata.

#24 Kemia Kidogo
Mzee shikamoo. La jike ni kweli kabisa, na pweza wetu wa miambani haishi sana kupita mwaka mmoja na nusu, kwa hiyo "mzee" kwa pweza ni jambo la miezi. La ukubwa nakubali pia. Ila la mwezi nina mashaka. Ulichokieleza ni wadogo na wakubwa, sio mwezi. Pweza wa kilo moja wa bamvua na wa kilo moja wa maji mafu ukiwaweka sufuria moja utawatenganisha?

#25 Mzee wa Bamvua
Marahaba. Mimi nitawatenganisha. Wewe hutaweza.

#26 Mla Bila Kulipa
Hahaha Kemia umefungwa goli la kisigino.

#27 Mzee wa Bamvua
Niongeze kwa wanaopenda wadogo kwa kuwa wanaiva upesi. Mkiwamaliza wadogo hakuna wakubwa. Pemba kule Kisiwa Panza, na Unguja upande wa Kizimkazi, wanakijiji wenyewe wanafunga sehemu ya mwamba kwa miezi, haguswi pweza, wakifungua wanatoa wa uzito. Wamalagasi wa Andavadoaka walianza mchezo huo 2004 na wengine wakafuata. Pweza anakua haraka mno, ukimpa nafasi kidogo tu faida unaiona kwa macho.

#28 Baharia Mstaafu
Nimesoma yote, nimefurahi. Mimi meli imenipitisha Vigo, huko Galicia ya Hispania, watu wanaompenda pweza kama sisi. Wanamshika kichwa wanamchovya kwenye maji ya moto na kumtoa, mara tatu, minyiri inajikunja vizuri, ndio wanamwachia azame. Wanasema bila hivyo ngozi inavuka. Anakatwa kwa mkasi juu ya sahani ya mbao, mafuta ya zeituni, chumvi ya mawe, pilipili nyekundu ya unga isiyowasha sana, na viazi. Wagiriki wao kazi ni ile ile ya Bint, wanampiga kwenye jiwe halafu wanamwanika kwenye kamba kama nguo kabla ya kumchoma. Waitaliano nao nimeona wanatia kizibo cha chupa ya mvinyo ndani ya sufuria. Nilipomuuliza mpishi kizibo kinafanya nini, akasema hajui, baba yake alitia.

#29 Meza ya Kona
Kizibo na vidonge ni ukoo mmoja.

#30 Bint Mkunazini
Mmeona? Wagiriki hao. Sio mimi peke yangu.

#31 Shabiki Sugu
Mimi nina swali la kiutu. Mnampiga, mnamgandisha, mnamkata mshazari, mnasahau huyu mnyama ana akili kuliko baadhi ya makocha wetu. Mmemsahau pweza Paul wa Hispania aliyetabiri Kombe la Dunia 2010 lote bila kukosea?

#32 Baharia Mstaafu
Paul hakuwa wa Hispania. Alikuwa Ujerumani, Oberhausen, kwenye jumba la kuonyeshea viumbe wa baharini, na alianguliwa Uingereza, Weymouth. Hispania ilimpenda tu kwa sababu aliwapa ubingwa.

#33 Shabiki Sugu
Sawa mkuu, lakini alitabiri yote?

#34 Kemia Kidogo
Sio mechi zote za mashindano. Alipewa saba za Ujerumani na fainali ya Hispania na Uholanzi, jumla 8, akapatia 8. Alisema hata Ujerumani itafungwa na Serbia, ikafungwa 1-0. Ghana pia alitupa mkono, alichagua Ujerumani na ikawa 1-0. Ukiwa unabahatisha kwa kurusha shilingi, kupatia nane mfululizo ni nafasi 1 katika 256. Lakini watu wanasahau Euro 2008, alipewa mechi 6 akakosea 2, ikiwemo fainali.

#35 Kuli wa Feri
Na alivyosema Ujerumani itafungwa na Hispania nusu fainali, wajerumani wakaanza kuulizana mapishi. Angekuwa Feri asingefika robo fainali.

#36 Shabiki Sugu
Alikufa Oktoba mwaka ule ule. Hakupigwa, hakugandishwa. Heshima.

#37 Mla Bila Kulipa
Sasa swali ambalo wote mnalizunguka. Ile sababu hasa inayowaweka wanaume kwenye meza ya pweza saa tatu usiku ni ya kweli au hadithi? Naulizia rafiki.

#38 Mfamasia wa Zamu
Mwambie rafiki yako pweza ni chakula kizuri: protini nyingi, mafuta kidogo, madini ya chuma na vitamini B12 ya kutosha. Mtu aliyekuwa analala na chai kavu akianza kula hivyo atajisikia vizuri. Lakini kwamba bakuli moja la supu linafanya kazi ya dawa usiku ule ule, sijaona ushahidi. Pilipili ndiyo inayowatoa jasho mkadhani shughuli imeanza.

#39 Meza ya Kona
Daktari unaniharibia biashara. Mimi sijawahi kumwahidi mtu chochote. Mteja anakuja na imani yake, mimi namuuzia supu.

#40 Mpemba wa Muskat
Na pilipili iwe ya kusaga na ndimu. Imani bila pilipili haina nguvu.

#41 Yakhe Makadara
Tukirudi jikoni, pweza mtaka nyimbo. Saa nzima ya moto mdogo utafanya nini? Mimi huweka taarab ya zamani, ile ya fidla na ganuni. Ile klabu ya Unguja ya 1958, Ikhwani Safaa, ikianza, sufuria nalo lajua kazi yake.

#42 Bint Mkunazini
Yakhe usituchanganyie vilabu. Ikhwani Safaa ni ya 1905, mkongwe wao wote. Ya 1958 ni Culture Musical Club. Ukisema hivyo Forodhani hupewi hata kipande cha mwisho.

#43 Yakhe Makadara
Haya, nimekubali, nipe basi kipande cha katikati. Na Bi Kidude ndiye wa kumalizia, tui zito likishaingia.

#44 Kuli wa Feri
Nyie wa taarab. Pweza anataka muziki wa dansi, Sikinde. Gitaa la rithimu linaendesha moto wenyewe.

#45 Mzee wa Bamvua
Msondo.

#46 Kuli wa Feri
Mzee tusianze.

#47 Jirani wa Tandika
Wakuu mrejesho.

Nimenunua mwingine, safari hii kama kilo moja, nikamuuliza muuzaji katoka wapi akaniangalia kama mtu wa kodi. Nimemlaza friza. Nikampiga kidogo na mchi mchana watu wakiwa makazini, nikampaka papai, nikaosha, nikamweka sufuria kavu kama Yakhe, moto wa mwisho kabisa, sijagusa chumvi wala ndimu. Kweli kabisa ametoa maji mwenyewe mengi. Saa moja na kitu uma umepita bila kusukuma. Nikamwacha apoe ndani ya maji yake, nikamkata mshazari. Laini! Ngozi imevuka sehemu, sijali. Mama watoto amekula bila kuuliza kandambili.

#48 Kemia Kidogo
Hongera. Lakini Jirani, umetumia njia zote kwa mpigo. Sasa tutajuaje ni ipi iliyofanya kazi?

#49 Bint Mkunazini
Kupiga.

#50 Mpemba wa Muskat
Friza.

#51 Mama Wawili
Ngozi imevuka, si amesema? Hilo ni papai, ndilo linalokula juu kwanza.

#52 Baharia Mstaafu
Imevuka kwa sababu hakuchovya mara tatu.

#53 Meza ya Kona
Saa moja na kitu, kaka. Moto na subira, mengine yote ni mapambo. Halafu umemwacha apoe kwenye maji yake, hiyo hakuna aliyekwambia humu na ndiyo siri ya watu wetu wa asubuhi. Pweza akitolewa mkavu wakati bado wa moto anakaza tena.

#54 Jirani wa Tandika
Sikutaka kufanya utafiti wakuu, nilitaka kula.

#55 Kemia Kidogo
Basi nitaufanya mimi. Pweza wanne wa uzito mmoja, mmoja apigwe, mmoja agandishwe, mmoja papai, mmoja asiguswe. Moto mmoja, muda mmoja.

#56 Mla Bila Kulipa
Utahitaji mwonjaji asiye na upande. Nipo.

#57 Mzee wa Bamvua
Na wote wanne watoke bamvua moja, la sivyo hujafanya kitu.

#58 Dereva wa Noah
Nimefika mwisho wa uzi jasho linanitoka. Jamani si kuna sufuria la presha? Dakika ishirini, kwisha habari. Mnatwanga nini?

#59 Yakhe Makadara
Wa presha analainika ndio, lakini humwoni. Hujui amefika wapi mpaka ufungue, na ukifungua amepita. Na mchuzi wake mwembamba, maji hayakupata kukauka. Kwa haraka sawa. Kwa Jumapili hapana.

#60 Dereva wa Noah
Sawa kaka, mimi Jumapili nipo barabarani. Na chumvi, mbona wote mnaiogopa? Inakaza kweli?

#61 Meza ya Kona
Haikazi kihivyo. Ana chumvi yake ya bahari ndani, ukitia mwanzo, maji yakipungua inabaki chumvi tupu. Onja mwisho ndio utie.

#62 Bint Mkunazini
Inakaza.

#63 Binti wa Kurasini
Samahani naingilia. Na ngisi naye ni hivi hivi? Ninao kilo mbili hapa na wageni wanakuja saa moja.

#64 Kemia Kidogo
Ngisi ni kinyume chake. Mkate pete, mafuta ya moto sana, dakika mbili, toa. Ukipitisha hapo amekaza, na kumrudisha ni nusu saa nyingine au zaidi. Usimsubirie.

#65 Mama Wawili
Dakika mbili nyingi. Moja na nusu.

#66 Kuli wa Feri
Ngisi fungueni uzi wake, huu tayari una Msondo, Serbia na kizibo.